Mali bila daftari: Maua ya milimani nayo yahesabiwe

Katika siku hii ya Ijumaa tungependa kuzungumza na ndugu zetu, hususan familia za Msowero na vijiji vingine vya wilaya ya Kilosa, juu ya jambo ambalo kwa wengi litaonekana dogo: kuihesabu na kuihifadhi mimea adimu inayoota yenyewe porini katika milima yetu.

Wapo watakaouliza: ua la porini lina nini hata lizungumzwe mahali ambapo wazazi wanahangaikia ada za shule, wakulima wanalalamikia bei ya mahindi, na wakulima na wafugaji wanagombania ardhi? Swali hilo ni la haki, nasi hatutalikwepa. Lakini kabla ya kulijibu, yafaa kwanza tujue tunazungumzia nini.

Anayesafiri kutoka Dumila kwenda Kilosa hupita Msowero, na milima ya Ukaguru huwa upande wake wa kulia. Mahindi na mpunga wa bondeni hutegemea mvua, na hutegemea pia maji yanayoshuka kutoka huko juu. Maji ya upande huu wa milima hukusanyika katika Mto Wami, na Wami ndio unaowapa maji watu wa Chalinze kabla haujaingia baharini karibu na Saadani. Kwa hiyo msitu wa Ukaguru si mali ya mkulima wa mlimani peke yake. Mama anayeteka maji bombani huko Chalinze naye ana fungu lake ndani ya msitu huo, ingawa huenda hajapata kuuona.

Ukaguru na jirani yake Rubeho ni sehemu ya safu ambayo wataalamu huiita Milima ya Tao la Mashariki. Safu hiyo huanzia Taita nchini Kenya, ikapita Upare, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru, Rubeho na Uluguru, hadi Udzungwa na Mahenge. Hata kilima cha Malundwe kilichomo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi huhesabiwa kuwa kipande cha safu hiyo. Tangu zamani za kale upepo wa Bahari ya Hindi umekuwa ukiileta mvua na ukungu juu ya milima hii. Nchi za chini zilipokauka, misitu ya juu ilibaki na unyevu wake, na kila mlima ukawa kama kisiwa. Kiumbe kilichobaki juu ya kisiwa kimoja kilitengana na ndugu zake wa kisiwa kingine, hata vikaja kuwa aina mbalimbali. Ndiyo sababu mamia ya mimea ya safu hii haipatikani mahali pengine popote duniani, na baadhi haipatikani ila katika mlima mmoja tu.

Katika mimea hiyo wa kutolewa mfano ni ua dogo ambalo Wajerumani hadi leo huliita kwa jina la Usambara, na ambalo wataalamu walilipa jina la Saintpaulia. Ni mmea mfupi wenye majani manene yenye vinyweleo na maua ya rangi ya zambarau au samawati. Huota juu ya miamba yenye kivuli, mara nyingi kandokando ya vijito vya msituni. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani katika sehemu za Tanga na Usambara, aliuona mmea huo na kupeleka mbegu zake kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata, 1893, Hermann Wendland, aliyekuwa akisimamia bustani za Herrenhausen mjini Hannover, aliutangaza na kuupa jina la ukoo wa mtawala yule.

Kilichofuata ni habari ya kuzingatiwa. Mbegu zilienea katika bustani za Ulaya. Mnamo mwaka 1926 wakulima wa maua wa Los Angeles, kampuni ya Armacost & Royston, waliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, wakachagua miche iliyo bora na kuanza kuiuza. Kufikia mwaka 1946 wapenzi wa ua hili nchini Marekani walikuwa wameunda chama chao. Leo aina zilizozalishwa na binadamu ni maelfu, na ua hili limo miongoni mwa maua yanayopandwa sana ndani ya nyumba, dirishani kwa watu ambao pengine hawajui kama kuna mahali paitwapo Tanga. Biashara yake imewanufaisha wengi huko ng'ambo. Vijiji ambavyo ua lilitoka havikuandikwa popote katika hesabu za faida hiyo.

Hatulisemi hili ili kuchochea chuki, kwani mambo hayo yalifanyika kabla ya kuwapo sheria. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1992 juu ya uhai anuwai ndio uliotamka kwamba kila nchi ina haki juu ya mimea na wanyama wake, na ya kwamba faida inayopatikana yapasa igawanywe kwa uadilifu. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 ikaongeza utaratibu wake. Tunalisema ili tuonyeshe jambo moja: wageni walikuwa na daftari, sisi hatukuwa nalo. Wahenga wametuachia neno lisilochakaa, kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa tuitazame hali ya ua hilo huko lilikozaliwa. Wakati aina za dukani zikiwa maelfu, zile za porini ni chache mno. Mwaka 2006 wataalamu waliopitia upya mimea ya Afrika Mashariki walizihesabu kuwa spishi sita tu, na mwaka 2015 wengine wakashauri ziunganishwe na kundi kubwa zaidi liitwalo Streptocarpus. Majina yanaweza kubadilika, lakini mwamba haubadiliki. Mojawapo ya aina hizo hujulikana katika msitu mmoja tu, wa Mbololo huko Taita. Nyingine zimo katika vipande vidogo vya Usambara, Nguru na Uluguru. Msitu huo mmoja ukiungua, au ukifyekwa kwa msimu mmoja, aina nzima hutoweka, na hakuna duka duniani liwezalo kuirudisha kama ilivyokuwa.

Mtu asidhani kwamba ua hili huangamia kwa sababu watu huling'oa tu. Wapo wanaong'oa, nao ni wakosaji. Lakini kinachouua zaidi ni jua. Mmea huu umezoea kivuli na unyevu. Mti mkubwa uliosimama juu ya mwamba ukikatwa kwa ajili ya mbao, mwanga hupiga jiwe moja kwa moja, uoto laini wa kijani unaolifunika jiwe hukauka, na mbegu zake, ambazo ni ndogo kama vumbi, hukosa pa kushika. Nyuki wa porini wanaoyatikisa maua kwa mvumo wao ili chavua idondoke huhama wakitafuta msitu mwingine. Huko Usambara Mashariki iliki ilipandwa chini ya miti mikubwa baada ya kufyeka mimea midogo yote, na katika miaka ya 2003 na 2004 wachimbaji wadogo wa dhahabu walivamia vijito vya milima hiyo. Aliyeitazama milima kwa mbali aliiona bado ni ya kijani. Aliyeinama na kutazama kwenye mawe ndiye aliyeona kilichopotea.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kuhesabu. Hesabu ya mimea ya porini haifanywi kwa kukisia ukiwa barabarani. Watafiti hupanda mlima wakifuatana na wenyeji wanaozijua njia. Hufuata kijito hatua kwa hatua, wakikagua kila mwamba ulio kivulini. Wakiupata mmea huandika mahali ulipo kwa kifaa cha GPS, kimo kutoka usawa wa bahari, upande ambao mwamba umeelekea, na ukubwa wa eneo ulilotanda. Kisha huihesabu mimea mikubwa yenye maua mbali, na miche michanga mbali. Hili la pili ndilo lenye siri kubwa. Palipo na wazee mia moja na mtoto hata mmoja hayupo, pana msiba unaokuja, hata kama leo panapendeza machoni. Hutazama pia visiki, alama za moto, njia za mifugo na mashimo ya wachimbaji. Mwisho huchukua sampuli chache tu, kwa kibali, na kuzikausha ili zihifadhiwe katika makusanyo ya mimea kama yale ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ya Arusha. Baada ya miaka kadhaa hurudi palepale na kuhesabu upya. Hesabu ya mara moja ni picha tu, bali hesabu ya pili ndiyo itwambiayo kama tunakwenda mbele au tunarudi nyuma.

Wala asiwepo wa kusema kwamba milima yetu imekwisha kujulikana yote. Ukaguru na Rubeho hazikuchunguzwa kwa kiasi ambacho Usambara na Uluguru zimechunguzwa. Mwaka 2002 wataalamu walitangaza chura wa mitini kutoka misitu ya Ukaguru ambaye hakuwa akijulikana na sayansi. Walimpa jina la Kiswahili kitupu, Churamiti maridadi, naye akawekwa katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa ya kutoweka. Kwale wa msituni aliyepatikana Rubeho alitambuliwa mwaka 2005 kuwa ni aina ya pekee. Na karibuni zaidi, mwaka 2025, ulitangazwa mti mpya wa Udzungwa uitwao Tessmannia princeps, wenye urefu wa mita zipatazo 40, ambao baadhi yake wataalamu wanaukadiria kuwa na umri wa miaka elfu mbili na zaidi. Ikiwa mti mrefu kuliko minara ya misikiti yetu mingi uliweza kusimama kwa karne zote hizo bila kuandikwa katika daftari lolote, litakuwaje ua lenye kimo cha kiganja?

Katika habari ya mti huo yamo mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba miongoni mwa waliouandika walikuwamo wataalamu wa mimea ambao ni wenyeji wa milima hiyo. La pili ni kwamba ulipatikana ndani ya misitu ya hifadhi ya ardhi za vijiji. Maana yake ni kuwa wanavijiji wenyewe walikuwa wameulinda msitu kabla hawajajua thamani ya kilichomo ndani.

Sasa tulijibu lile swali la mwanzo. Mkulima mwenye watoto sita na ekari moja ya mteremko ataacha kulima ili ua lipone? Sisi tunasema kwamba hifadhi inayomfukuza maskini na kumwacha na njaa si uadilifu, wala haidumu. Mwenye njaa atarudi msituni usiku. Historia ya Uislamu inatupa mwongozo katika hili. Bwana Mtume, rehema na amani zimshukie, aliyatenga maeneo ya kuzunguka Madina ambamo miti haikuruhusiwa kukatwa ovyo, na yako malisho yaliyotengwa kwa manufaa ya umma yaliyojulikana kwa jina la hima. Katika zama za Khalifa Umar, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, imepokewa kwamba alimwagiza msimamizi wa hima awaruhusu kuingia wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awe mkali kwa mifugo ya matajiri, kwa kuwa tajiri akipoteza mifugo anayo mashamba ya kumtunza, bali maskini akipoteza vichache alivyonavyo atakuja na watoto wake kuomba msaada.

Hekima iliyoje! Hifadhi ilikuwapo, mpaka ulikuwapo, na mlinzi alikuwapo. Lakini uzito wa sheria haukuwekwa juu ya mabega ya dhaifu. Tukiangalia misitu yetu, mara nyingi tunaona kinyume chake. Mama anayeokota kuni kavu hukamatwa, ilhali magogo ya mwenye fedha hupita barabarani mchana kweupe.

Wilaya ya Kilosa yenyewe imekwisha kuonyesha kwamba njia ya uadilifu inawezekana. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji uwezo wa kutenga msitu wake, kujiwekea sheria ndogo, na kukusanya ushuru. Kuanzia mwaka 2009 baadhi ya vijiji vya wilaya hii vilishiriki katika mradi wa kupunguza ufyekaji wa misitu ulioendeshwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania pamoja na mtandao wa jamii wa MJUMITA. Kuanzia mwaka 2012 ukaja mradi wa mkaa endelevu katika misitu mikavu ya nchi za chini, ambapo miti huvunwa kwa zamu na kuachwa ichipue. Mapato yalibaki kijijini na kusaidia huduma za jamii. Hatudai kwamba miradi hiyo haikuwa na upungufu. Tunasema kwamba mwanakijiji anayeona darasa limejengwa kwa fedha za msitu haoni tena kuwa msitu ni wa bwana misitu.

Kuhusu maji, tusisahau yaliyotupata. Mwishoni mwa mwaka 2009 na Januari 2010 mafuriko yaliikumba Kilosa, yakabomoa makazi na kuivunja reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe. Januari 2014 daraja la Magole karibu na Dumila lilisombwa, na barabara ya Morogoro hadi Dodoma ikakatika. Mafuriko yana sababu nyingi, na mvua kubwa hunyesha hata penye msitu. Lakini kila mkulima anajua tofauti ya maji yanayopita katikati ya mizizi na maji yanayoteremka juu ya udongo uliovuliwa nguo. Kivuli kinacholiponya ua juu ya mwamba ndicho hicho kinachoyapunguza kasi maji yaendayo shambani. Anayelihesabu ua kila baada ya miaka kadhaa anaipima afya ya msitu mzima kwa kipimo kidogo. Ua likikauka, ametangulia kuipata habari ambayo mto utaileta baadaye.

Kwa hiyo tunatoa nasaha zifuatazo.

Kwa Serikali na Wakala wa Huduma za Misitu: hesabu ya mimea adimu ya Ukaguru na Rubeho ifanywe kwa mpango maalumu na kurudiwa, isingoje mgeni mwenye fedha za utafiti. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kipo Morogoro, na Mfuko wa Hifadhi ya Milima ya Tao la Mashariki nao una makao yake mjini humo humo. Wataalamu hawako mbali.

Kwa watafiti: mkipanda mlima, andamaneni na vijana wa kijiji kama wanafunzi na washirika, wala si kama wapagazi. Mkimaliza, rudini mkasome matokeo mbele ya mkutano wa kijiji kwa lugha inayoeleweka. Hata hivyo, mahali hasa ulipo mmea ulio adimu mno pasitangazwe hadharani, kwani wapo wafanyabiashara wa maua wanaozisoma taarifa hizo kwa jicho la mwizi.

Kwa halmashauri za vijiji na kamati za maliasili: ziandikeni katika sheria ndogo sehemu zilizo kando ya vijito na chini ya miamba yenye kivuli, ili zisifyekwe wala kuchomwa. Mgeni atakayetaka kuchukua mmea au mbegu aonyeshe kibali kwanza, na kijiji kibaki na nakala.

Kwa maimamu na walimu wa madrasa: watoto wafundishwe kwamba kutunza kilichoumbwa ni sehemu ya amana tuliyokabidhiwa. Bwana Mtume alituhimiza kupanda mche hata kama Kiyama kinakaribia kusimama, na akatufundisha kwamba ndege akila katika tulichokipanda ni sadaka yetu. Ikiwa kupanda kuna malipo, basi kukiacha hai kile alichokipanda Mwenyezi Mungu mwenyewe hakuwezi kukosa fadhila.

Na kwa wazazi: waulizeni wazee wenu majina ya mimea ya mlimani kwa Kikaguru na kwa Kisagara, na muyaandike. Mara nyingi jina huanza kupotea kabla ya mmea wenyewe, na mmea usio na jina hakuna anayeulilia. Mtoto akilijua ua kwa jina lake hatalikanyaga bila kufikiri.

Aliyewekewa amana huulizwa mambo mawili: ulipewa nini, na kimebaki nini. Kwa sehemu kubwa ya milima yetu swali la kwanza hatuwezi hata kulijibu. Zaidi ya theluthi mbili ya misitu ya asili ya safu hii imekwisha kutoweka katika mapito ya karne, na katika kilichotoweka yako mambo ambayo hayakuwahi kupewa jina. Hayo yamepita. Lakini miamba yenye kivuli ingalipo juu ya Msowero, na vijito vingali vinatiririka. Daftari na lifunguliwe sasa, na ukurasa wa kwanza uandikwe na watu wa pale pale.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaozitunza amana zao.